Bukoba hadi Mtwara kwa ndege: saa mbili za kwenye simu na saa nane za kwenye tiketi

Swali: Mimi ni mwalimu hapa Bukoba. Nimehamishiwa Mtwara na natakiwa kuripoti pamoja na mke wangu na watoto wawili. Nimetafuta kwenye simu umbali wa ndege kati ya viwanja hivi viwili. Mahali pamoja wameandika 845, kwingine 734, kwingine 1,360, na wote wanadai safari ni saa mbili na dakika kumi hivi. Wakala wa tiketi naye ameniletea safari ya saa nane na dakika 25 inayopita Dar es Salaam. Nani anasema kweli? Na kupita Dar si kuzunguka bure?

Jibu: Mwalimu, hongera kwa uhamisho, au pole, utachagua mwenyewe.

Tuanze na zile namba tatu, maana hazigombani. 845 ni maili za kawaida, 734 ni maili za baharini ambazo marubani na manahodha huzitumia, na 1,360 ni kilomita. Umbali ni uleule, vipimo ndivyo vimebadilika. Maili moja ya baharini ni mita 1,852. Ukikuta mahali pengine 1,358 au 1,364, usihangaike. Wapo wanaopima kutoka katikati ya mji badala ya uwanja wa ndege, na wapo wanaoichukulia dunia kuwa duara kamili wakati imebonyea kidogo kwenye ncha zake.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya ubaoni mbele ya darasa. Uwanja wa Bukoba uko latitudo 1.33 kusini, longitudo 31.82 mashariki. Wa Mtwara uko 10.34 kusini, 40.18 mashariki. Tofauti ya latitudo ni digrii 9.01, na ya longitudo ni 8.36. Kila digrii ni kama kilomita 111, kwa hiyo una kilomita 1,000 za kushuka kusini na 928 za kwenda mashariki. Weka Pithagorasi hapo: kipeo cha pili cha kila moja, jumlisha, tafuta kipeuo. Utapata 1,364. Umekosea kwa kilomita nne tu, bila programu yoyote. Njia hii ya mkato inakubali kwa sababu tuko jirani na ikweta, ambako mistari ya longitudo bado imeachana karibu kwa upana wake wote. Ukiipeleka Oslo, kwenye latitudo 60, digrii moja ya longitudo imebaki nusu na hesabu yako inaharibika kabisa. Huko utahitaji kanuni ya duara kuu, ile inayofuata mviringo wa dunia.

Sasa chukua rula na ramani ya Tanzania, uunganishe Bukoba na Mtwara. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Mstari unatoka Bukoba, unakata Ziwa Victoria, na unapita umbali usiofika kilomita 10 kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza. Unaendelea mashariki ya Shinyanga, unapita jirani na Singida, unaiacha Dodoma upande wa magharibi, unafika karibu juu ya Kilosa, unavuka Rufiji mahali lilipojengwa Bwawa la Nyerere, kisha unateremka jirani na Lindi mpaka Mtwara. Mstari mmoja umekata nchi kutoka pembe hadi pembe, na Mwanza imekaa juu yake kana kwamba iliwekwa makusudi.

Maana yake ni kwamba ndege yako ikisimama Mwanza haijazunguka hata kidogo. Bukoba hadi Mwanza ni kilomita 174, na Mwanza hadi Mtwara kwa mstari ulionyooka ni 1,187. Jumla ni 1,361. Umeongeza kilomita moja.

Na Dar es Salaam? Hapo ndipo watu wengi hulalamika kama ulivyolalamika wewe, na ni lalamiko la haki kwa macho ya ramani, kwa sababu Dar iko pwani, pembeni ya mstari. Lakini pima. Bukoba hadi Dar ni kilomita 1,024. Dar hadi Mtwara ni 398. Jumla ni 1,422. Umezidisha kilomita 62 juu ya 1,360, chini ya asilimia tano. Kwa ndege ya pangaboi, kilomita 62 ni dakika sita. Kwa hiyo Dar haikuli muda kwa sababu ya mahali ilipo. Mtu wa Kigoma anayekwenda Mtwara ana sababu kubwa zaidi ya kulalamika, kwani kwake kupita Dar kunaongeza kilomita kama 170.

Muda sasa. Zile saa mbili na dakika kumi zimetoka wapi? Vikokotoo hivi (vya ndege, Mwalimu, si kile cha pensheni) hufanya jambo moja tu. Huchukua umbali, hugawanya kwa mwendo wa ndege ya jeti, kama kilomita 800 kwa saa, halafu huongeza nusu saa ya kuruka na kutua. Kilomita 1,360 kwa mwendo huo ni saa moja na dakika 42. Ongeza 30, ndiyo saa mbili na dakika 12. Haviangalii kama kuna ndege inayofanya safari hiyo, wala kama uwanja unaweza kuipokea.

Jeti za abiria haziendi Bukoba. Njia ya kurukia ya pale ina urefu wa kilomita moja na nusu hivi, ziwa liko upande mmoja na mji uko jirani. Tena uwanja uko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, maana Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi. Injini inapumua kidogo, bawa linapata egemeo dogo, na ndege inahitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kunyanyuka kuliko ambavyo ingehitaji Mtwara, ambako uwanja uko mita mia moja na kidogo tu juu ya bahari. Kwa hiyo Bukoba inahudumiwa na pangaboi: ATR, au Dash 8-400 ambayo sisi wote tumezoea kuiita Bombardier. Ndege hizi zimetengenezwa kwa viwanja vifupi. Dharau za abiria kwa pangaboi sizielewi. Kwa safari fupi ni ndege inayofaa kuliko jeti, na hesabu itakuonyesha.

Mimi hutumia kanuni hii ya kukadiria. Kwa Dash 8-400 gawanya kilomita kwa 640, kwa ATR 72 gawanya kwa 490, kisha ongeza dakika 25. Kwa jeti gawanya kwa 800 na uongeze 30. Zile dakika za nyongeza ni za kutembea kutoka kwenye maegesho hadi njia ya kurukia, kupanda taratibu, kujipanga kutua, na kurudi maegesho. Saa zilizoandikwa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoanza kuondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya uwanja mwingine, wala si tangu magurudumu yaache ardhi.

Jaribu kwa Dar hadi Mtwara. Bombardier inapata saa moja na dakika mbili. ATR, saa moja na dakika 14. Jeti, saa moja kasoro kidogo tu. Jeti yenye mwendo mkubwa imeokoa dakika mbili kwa sababu haijamaliza kupanda vizuri inaanza tena kushuka. Kwa Mwanza hadi Dar, kilomita 851, tofauti inaanza kuonekana: jeti saa moja na dakika 34, Bombardier saa moja na dakika 45, ATR saa mbili na dakika tisa. Kadiri njia inavyorefuka ndivyo jeti inavyolipa.

Basi tujenge safari yako. Tuseme kungekuwa na Bombardier ya moja kwa moja kutoka Bukoba hadi Mtwara. Kilomita 1,360 kwa 640, ongeza 25, ni saa mbili na dakika 32. Ndege inaumudu umbali huo. Sasa pitisha Dar bila kusimama Mwanza: saa mbili na dakika moja hadi Dar, saa moja na dakika mbili hadi Mtwara, jumla saa tatu na dakika tatu za kukaa ndani ya ndege. Tofauti ni dakika 31. Sita ni za zile kilomita 62. Zilizobaki 25 ni za kutua na kuruka mara ya pili. Ukipitia na Mwanza, kama ratiba za Bukoba zinavyofanya mara nyingi, unaongeza kituo kingine: dakika 41 Bukoba hadi Mwanza, nusu saa chini wakishusha na kupakia, saa moja na dakika 45 hadi Dar, kisha Mtwara. Jumla karibu saa nne.

Saa nne dhidi ya saa nane na dakika 25 za wakala wako. Zile nyingine nne na zaidi ziko wapi? Ziko kwenye viti vya Jengo la Pili la abiria pale Uwanja wa Julius Nyerere, ambako safari za ndani hushughulikiwa. Unasubiri ndege ya Mtwara. Ndiyo jibu la swali lako zima. Kilomita hazikukosea, wala wakala hakukudanganya. Kinachorefusha safari ni kwamba ndege ya kutoka Kagera na ndege ya kwenda Mtwara hazikupangwa zikisubiriana.

Utauliza kwa nini wasiweke ya moja kwa moja. Bombardier ya hapa kwetu ina viti 76. Fikiria ni siku gani ya wiki ambayo watu 76 wanatoka Bukoba kwenda Mtwara. Wapo walimu waliohamishwa, askari, wafanyabiashara wa korosho, mwanafunzi wa chuo. Ukiwakusanya wa wiki nzima pengine hawajai ndege moja. Lakini wanaotoka Bukoba kwenda Dar wapo kila siku, na wanaotoka Dar kwenda Mtwara wapo pia. Kampuni inakuchanganya na hao na viti vinajaa. Sioni ubaya wake. Ninaouona ubaya ni ratiba zinazoacha shimo la saa nne katikati wakati kusogeza ndege moja kwa saa moja na nusu kungelipunguza.

Kuhusu hali ya hewa niseme kidogo, kwa sababu inagusa muda kuliko upepo wa angani. Upepo wa juu kwetu ni mdogo ukilinganisha na ule wa Ulaya au Atlantiki, ambako safari ya kwenda na ya kurudi zinaweza kutofautiana kwa saa nzima. Hapa unavuma zaidi kutoka mashariki, kwa hiyo ukitoka Mtwara kurudi Bukoba utaokoa dakika chache, na ukienda utazipoteza. Kusi na kaskazi za pwani ni pepo za chini. Zinamwamulia rubani atue akielekea upande gani Mtwara, hazibadilishi muda wa safari.

Bukoba ni habari nyingine. Pwani ya magharibi ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi nchini, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Usiku hewa ya nchi kavu hushuka kuelekea ziwani, inakutana na hewa yenye unyevu juu ya maji ya vuguvugu, mawingu ya radi yanajengeka, na kufikia asubuhi yanasukumwa kuja upande wenu. Ndiyo maana ngurumo za Bukoba huwa za alfajiri na asubuhi wakati sehemu nyingine za nchi zinangoja mchana. Mtu wa Bukoba hahitaji kukumbushwa tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 ilipotumbukia ziwani karibu na uwanja ikiwa inajaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, ikiwa na watu 43, na 19 wakafariki, marubani wote wawili wakiwemo. Kwa hiyo ndege inayokuja kukuchukua ikizunguka juu au ikirudi Mwanza kusubiri wingu lipite, usiungane na wanaofoka kaunta. Panga safari yako ukijua kwamba asubuhi ya mvua Bukoba inaweza kula saa moja au mbili, na kwamba kuchelewa huko kutaufuata muunganiko wako wa Dar.

Kitu kimoja ambacho hakuna kikokotoo kitakachokuambia: saa yako ya mkononi haitabadilika, lakini jua litabadilika. Nchi nzima tunatumia saa moja, ila Mtwara iko digrii 8.36 mashariki ya Bukoba, na jua hutembea digrii moja kila dakika nne. Kwa hiyo mnamo mwezi wa tatu au wa tisa jua la Mtwara huzama dakika 33 kabla ya la Bukoba. Mwezi wa sita pengo linakua zaidi, Desemba linapungua. Wewe umezoea jua linalozama saa moja kasoro hivi. Kule, kwa miezi mingi, saa kumi na mbili na nusu limeshazama. Ukipewa ndege inayofika Mtwara saa kumi na mbili na nusu jioni, uko na familia, hujawahi kufika, na nyumba hujaiona, utaitafuta gizani. Mimi ningechagua ile ya mchana hata kama ni ghali kidogo.

Sasa ya kufanya. La kwanza, tiketi iwe moja kutoka Bukoba hadi Mtwara, chini ya kampuni moja ikiwezekana. Kwa tiketi moja mzigo unaandikwa moja kwa moja hadi mwisho, na ndege ya kwanza ikichelewa ni kazi ya kampuni kukupatia nyingine. Hapo saa moja na nusu ya kuunganisha Dar inatosha. Ukinunua tiketi mbili za kampuni mbili kwa sababu ni nafuu, utachukua mizigo Dar, utatoka nje, utajipanga kaunta upya, na ndege ya pili ikikuacha hasara ni yako peke yako. Mkiwa wanne hasara hiyo ni mara nne. Kwa tiketi mbili usikubali pengo la chini ya saa tatu, na hapo ile safari ya saa nane ya wakala wako inaanza kuonekana ya busara kuliko ulivyodhani.

La pili, mizigo. Njia fupi na hewa nyepesi maana yake ndege haiwezi kuondoka Bukoba na uzito wowote itakao. Siku ya joto, ndege ikiwa imejaa, mizigo ya ziada ndiyo ya kwanza kubaki ikaja na ndege inayofuata. Vyombo vya nyumbani vipakie lori, hata kama barabara ni karibu kilomita 2,000 kupitia Kahama, Singida, Dodoma, Dar na Daraja la Mkapa. Senene zipande na wewe, hizo sitakuzuia.

La tatu ni njia ambayo mawakala wengi hawaisemi. Kwa kuwa Mwanza iko kwenye mstari wako, na ndege za Mwanza kwenda Dar ni nyingi kuliko za Bukoba na nyingine ni jeti, unaweza kufika Mwanza kwa njia nyingine na kuanzia ndege pale. Meli ya New Victoria husafiri usiku kutoka Bukoba na kufika Mwanza asubuhi, siku zake zikiangukia vizuri. Kwa barabara ni kilomita 400 hivi kupitia Muleba na Geita, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko. Ukilala Mwanza kwa ndugu na kuondoka na ndege ya alfajiri, saa moja na dakika 34 za jeti zinakufikisha Dar kabla ya saa tatu asubuhi. Kuanzia hapo una nafasi ya ndege yoyote ya Mtwara ya siku hiyo, ya asubuhi au ya mchana, na mvua ya Bukoba haikuhusu tena.

Kabla ya kulipa, mwambie wakala akuonyeshe ratiba ya siku tatu zinazofuatana, usitazame siku moja tu. Ndege za Mtwara haziondoki saa ileile kila siku, na mara nyingi ukisogeza safari kwa siku moja lile pengo la Dar linashuka kutoka saa nne hadi mbili kwa nauli ileile. Barua ya uhamisho imekupa tarehe ya kuripoti, ya kuondoka Bukoba unaipanga mwenyewe.